Stika za Chunusi Kwenye Shavu la Ayeyo

Nakumbuka siku moja, na si ya zamani, nilipoketi mbele ya kioo hapa nyumbani kwangu Garissa, mimi mwanamke mwenye wajukuu, nikabandikwa stika za chunusi usoni. Cheka tu, mwanangu. Angekuwa jirani yangu, hata mimi ningecheka.

Aliyenibandika ni mjukuu wangu Sahra, anayeniita Ayeyo, yaani bibi. Anasoma shule ya bweni, na likizo hukaa kwangu kwa kuwa wazazi wake wako Kotile na mifugo. Safari hii alikuja uso umejaa chunusi, nyingine zimeiva usaha, na alikuwa ameshaamua kwamba shuleni harudi. Wasichana wenzake walimpa jina, na jina hilo silitamki. Aliagiza stika zake Nairobi kwa simu, zikaletwa na basi. Ni vijiduara vyembamba, huvioni vizuri mpaka usogee karibu. Unakibandika juu ya chunusi, kinavuta ule uchafu. Nilidhani ni mchezo wa watoto, lakini kweli, chunusi iliyoiva ikibandikwa usiku, asubuhi ilikuwa imenywea.

Shida ni kwamba Sahra alitaka kuzivaa mchana kutwa. Jasho la Garissa unalijua. Tena kila adhana ikilia ilibidi azibandue atie udhu, maji yafike kwenye ngozi, halafu abandike nyingine. Ngozi ikaanza kuchubuka. Nilimwambia azibandike baada ya isha, alale nazo, azitoe alfajiri, yatosha. Aliniangalia kama mtu anayeongea habari za sayari nyingine.

Hapo nikamwambia neno ambalo wazee wote tunalisema, kwamba avumilie, ni ujana tu, zitaondoka zenyewe. Mtoto alinitazama shavuni, hapa upande wa kushoto, akauliza polepole, "Ayeyo, zako ziliondoka?"

Nikalifunika shavu kwa mkono, maana zangu hazikuondoka. Nilikuwa na umri kama wake, tukiishi Buna, nimeposwa na kijana ambaye, nisikufiche, nilimpenda. Wanawake wa kwao walikuwa waje kuniona, na uso wangu ulikuwa vile vile kama wa Sahra. Eddo wangu, dada yake baba, alinipenda kuliko watoto wake wa kuwazaa. Aliniketisha chini, akazitumbua moja moja kwa mwiba wa mgunga, kisha akazigusa kwa msumari wa moto, kama walivyokuwa wakimtibu ngamia. Nililia sana. Akaniambia nikaze meno, kesho nitamshukuru.

Kesho yake uso ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki. Wale wanawake walikunywa chai, wakauliza habari za mvua, wakaaga kwa adabu, na hawakurudi tena. Kijana akaozwa binti wa watu wengine. Mimi niliolewa baadaye na mzee mmoja wa hapa Garissa, Mungu amrehemu. Hakunitesa, lakini miaka yote ile alizoea kukaa upande wangu wa kulia. Eddo simlaumu, mwanangu. Nimlaumu nipate nini?

Basi siku ile nikamwambia Sahra anibandike na mimi stika zake. Nilimwambia natania, na sikuwa natania. Nilipolala nilikuwa nalishika shavu kila nikigeuka, na nikamwomba Mungu kama msichana anayengoja wageni. Nilikuwa nimedhani tamaa hiyo ya kupendeza nimeiacha Buna. Kumbe nilikuwa nayo wakati wote, na iliniuma kuigundua uzeeni.

Asubuhi nikazibandua mbele ya kioo. Mashimo yalikuwa yale yale, na weusi ule ule. Stika zenyewe zilikuwa kavu kabisa. Zingevuta nini kwenye kidonda kilichofunga zamani hivyo? Sahra alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akijitazama yeye, vile alivyoamini kwamba atakuwa. Alijifunika mtandio usoni, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Shule zimefunguliwa, na sanduku lake bado liko sebuleni. Nampelekea chakula, nakuta nusu imebaki. Najua anazitumbua kwa kucha, kwa sababu ninapofua naona damu kwenye foronya. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimekaa nje ya mlango wake. Nimekata tamaa, nakwambia kweli. Naona yale yaliyonipata yakimpata mtoto wangu, na siwezi kuyazuia.

Kwa hiyo sikiliza wewe, kwa kuwa yeye hanisikii. Ukitokwa na chunusi, usizitie kucha, wala mwiba, wala moto, wala zile krimu za kujichubua ambazo hata anayeziuza hajui zina nini. Stika bandika ukipenda, kwenye iliyoiva, ukishaswali isha, na usizitarajie zifute alama za zamani. Zikizidi, nenda hospitali ukaulize daktari wa ngozi, hata ikibidi upande basi. Na usijifungie. Anayekupenda akija na msumari, mkimbie, utamwomba radhi baadaye. Zangu hazikuondoka kwa sababu hazikuachwa ziondoke, lakini zako bado zina nafasi.

Mungu akutulize mikono yako, auhifadhi uso wako, na akujaalie watu wa kukutazama pande zote mbili. Na ukifika Garissa, mwanangu, pita kwangu, gonga mlango wa Sahra umweleze haya yote kwa mdomo wako. Nikimweleza mimi, anaona shavu tu.