Smaili ya Harusi ya Mwahija

Mwahija wa Shinyanga, wajukuu zangu, alikatazwa kutabasamu siku ya harusi. Bibi harusi akionyesha meno, watu husema alikuwa na haraka ya mume. Lakini Velji, mpiga picha, aling'ang'ania: "Smaili, dada! Bila smaili sipigi."

"Smaili ndiyo nini?" akauliza Mwaisha, mama mkwe, aliyeketi kando kumchunga.

"Tabasamu la Kizungu, mama. Meno nje, hata kama huna furaha. Hivi!" Velji akakenua meno mekundu kwa tambuu, mpaka kuku wakakimbilia kata ya pili, Ibadakuli.

Mwahija akauma mdomo. Mwaisha akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na Velji akapiga picha. Picha ikatoka bibi harusi amenuna, mama mkwe mapengo yote nje.

Tangu hapo, kila alipogombezwa, Mwahija aliinua macho tu kwenye picha ukutani, na mama mkwe akanyamaza.