Bukuru na Landkruza ya Shemeji Yake

Bukuru aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka ule watu walipovuka kuja Ngara kwa maelfu. Wenzao wengi walirudi Burundi baadaye, lakini familia yake ilibaki, ikahamia Biharamulo ikawa inalima. Yeye alikwenda Kahama akajifunza ufundi bodi kwa miaka sita. Aliporudi alifungua gereji Lusahunga, karibu na njia panda, pale malori yaendayo mpakani Rusumo yanapopumzika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake haikuwa na papara. Alimwoa Benedicta, binti wa watu waliokaa Bisibo tangu enzi za mababu.

Benedicta alikuwa na kaka, Danstan, mnunuzi wa mahindi na asali vijijini. Miaka kumi na moja ya ndoa ile ilipita bila Danstan kumwita Bukuru kwa jina lake. Alimwita Mkimbizi, mbele ya watu, huku akicheka ili aonekane anatania. Siku ya mahari alizunguka ng'ombe mmoja mmoja, akauliza kwa sauti kama wamepigwa muhuri wa kambini. Wazee walicheka. Bukuru naye alicheka, maana angefanya nini?

Mwezi wa tatu mwaka jana mvua iliharibu barabara ya Bisibo, Danstan akaivalisha Landkruza yake matairi makubwa. Kila gari lilipoingia kwenye korongo, tairi la nyuma lilipanda na kusugua bodi, mpaka likaanza kuchanika. Akalileta gereji.

"Kata hapa pote," alisema, akionyesha kona yote ya nyuma kwa kiganja. "Kata mpaka juu. Nataka tairi lipumue."

"Shemeji, nikikata mpaka hapo gari litakosa nguvu."

"Bati tu hilo."

"Si bati moja, ni mawili," Bukuru alisema. Akachuchumaa, akamwonyesha. "Hili la nje ndilo unaloliona. Ndani kuna jingine, na yameshikana hapa kwenye ukingo wa tairi. Huo mshikamano ndio unaobeba kona hii. Nikiukata nikauacha wazi, baada ya miezi miwili mlango wa nyuma hautafunga, na bodi itaanza kupasuka."

Danstan aliwageukia madereva wawili waliokuwa wakinywa chai. "Mnamsikia? Amekulia chini ya turubai, leo ananifundisha kujenga nyumba."

Bukuru alipandisha gurudumu moja kwa jeki mpaka tairi likaingia ndani ya bodi kama linavyoingia korongoni, akachora kwa chaki pale tu lilipogusa. Ikawa vidole vitatu, si kiganja. Alikata bati la nje peke yake kwa grenda, kidogo kidogo. Bati la ndani hakuliondoa. Alilichana vipande vyembamba, akavikunja kwa nyundo mpaka vikalala juu ya ukingo mpya. Kisha akachomelea, nukta moja huku na nyingine kule, ili bati lisipate joto sana likajikunja. Nguzo inayofunga bodi kwenye chesisi hakuigusa kabisa. Mwisho alipaka rangi ya kuzuia kutu, nje na ndani. Kazi ilichukua siku mbili, na Minani, Mrundi mwenzake, fundi wa gereji ya jirani, alikuja kuitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Danstan alipokuja aliitazama kwa dharau. "Vidole vitatu? Siku mbili kwa vidole vitatu?"

"Lijaribu, shemeji."

"Tutajaribu wote. Wewe utasimama nyuma, juu ya bampa, ushike keria ya juu. Si unasema lina nguvu? Basi usikilize kama bodi inalia."

Benedicta alikuwa ameleta chakula cha mchana. Alisema, "Kaka, akae ndani."

"Ndani nampakia Minani, awe shahidi. Au mume wako anaogopa kazi yake mwenyewe?"

Bukuru alipanda. Baadaye alisema alipanda kwa sababu madereva walikuwa wanamtazama.

Minani ndiye aliyesimulia yaliyotokea mle ndani. Korongo la kwanza walipita taratibu, la pili pia, na tairi halikugusa kitu. Halafu Danstan akatazama kioo cha pembeni, akakanyaga mafuta. Minani alimshika mkono: "Simama, kuna mtu nyuma!" Danstan alicheka, akasema, "Hao wamezoea kukimbia." Kwenye kalavati, gari liliruka. Bukuru alitupwa, nyonga ikatua kwenye jiwe la pembeni ya kalavati.

Danstan hakusimama hapo, ila mbele kidogo tope lilimpunguza mwendo, na Minani akaruka nje. Alikwenda mpaka kijiweni kwa wanunuzi wenzake, akageuza. Aliporudi, Bukuru alikuwa bado amelala kwenye matope, Minani akiwa amerudi kwa miguu na kumwinua kichwa. Danstan alishuka, akapita karibu nao, akachungulia nyuma ya gurudumu.

"Kweli," alisema. "Halijapasuka hata unywele."

Hospitalini Biharamulo, Danstan ndiye aliyetoa maelezo ya fomu ya polisi ya majeruhi: fundi alidandia gari bila dereva kujua. Benedicta alifungua mdomo. Mama yake, Anneth, alimkamata kiwiko na kumnong'oneza, "Huyo ni damu yako. Mume anaweza kupatikana mwingine." Benedicta akaufunga. Bukuru, kitandani, aliliona hilo lote.

Nyonga iliungana vibaya. Sasa anatembea kwa gongo, na kuchuchumaa hawezi tena. Fundi bodi asiyechuchumaa anakaa kwenye stuli na kuelekeza. Minani ndiye anayekata. Nyumbani, Bukuru na mkewe walikaa miezi mingi wakizungumzia chumvi na kuni tu.

Mwaka huu Danstan alinunua gari la pili, akalileta palepale. "Nataka kata ileile," alisema, kana kwamba anaagiza chai.

Minani alimtazama Bukuru, akisubiri amfukuze. Bukuru alinyoosha mkono akaomba chaki. Akachora mstari mahali pake, vidole vitatu, kisha akaanza kumwelekeza Minani kwa Kirundi: wapi aanze, wapi asiguse. Danstan aliuliza kitu, hakujibiwa. Akauliza tena. Wale wawili waliendelea kama vile hakuna mtu aliyesimama pale.

"Wanasema nini hawa?" alimgeukia dada yake, aliyekuwa ameleta chakula.

Benedicta, aliyejifunza Kirundi katika ndoa yake, alielewa kila neno. Alisema hajui.

Danstan alikaa juani mpaka kazi ikaisha, kwa siku mbili, bila mtu kumpa kiti. Alipoondoka, Benedicta na Minani walimshika Bukuru makwapani, mmoja kila upande, wakamwinua kutoka kwenye stuli. Maumivu yalimfanya auume mkono wa shati. Benedicta alisubiri yapite, akaenda kuokota gongo.