Gunia Juu ya Chupa za Halima

Naona aibu kuisimulia hii, lakini nimeshachekwa Garsen nzima, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Halima, binti wa chuo kikuu, alikuwa akichunguza ule utando wa kijani unaoelea kwenye mashamba yetu ya mpunga. Alinieleza kwamba ni vijimea vidogo mno, huchukua naitrojeni hewani na kuurutubisha mpunga, na vikipata jua hutoa pia haidrojeni, gesi inayowaka. Akavitia katika chupa sita zilizozibwa, akaniomba nizilinde uani kwangu, juani, siku tatu, yeye akaenda mjini Hola.

Mimi (nilimaliza kidato cha nne, basi nikajiona mwanasayansi) nikawaza kwamba mbegu ya mpunga tunailoweka na kuifunika gunia siku tatu ndipo ichipue vizuri, sasa hivi vitu vya shamba lile lile vitakataaje? Nikazifunika zote, kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaahidi watu kwamba Jumamosi, kwenye mkutano aliouitisha Halima, watasikia hewa ya chupa ikiwashwa na kulia pwaa.

Halima alirudi asubuhi ya mkutano, gunia nimeshaliondoa. Mbele ya wakulima na wafugaji akavuta gesi ya chupa ya kwanza kwa bomba la sindano, akaisogezea kiberiti. Kimya. Ya pili, kimya. Jirani yangu Jillo, mfugaji, akauliza kama gesi imepelekwa malishoni, watu wakashika mbavu, nami nikacheka nao (hilo ndilo linaloniuma zaidi) huku namwona binti akizikagua chupa zake moja moja. Akaanza kuwaambia kwamba huenda vijimea vimekufa na kazi yake ya mwaka mzima imeharibika.

Nikasimama. "Mjukuu wangu, havijafa. Nilivifunika gunia siku zote tatu."

"Komora," Jillo akasema, "ulitaka chupa ziote?"

Halima hakucheka. Akawaeleza watu kwamba vijimea hivyo vikikosa mwanga huacha kutoa haidrojeni, na hata ile viliyokwisha kuitoa huirudia na kuinywa. Kisha akanigeukia.

"Asante babu kwa kusema. Ungenyamaza, ningevimwaga vyote leo."

Akaziandaa chupa upya, tukazirudisha juani, na siku ya Jumatano gesi ya chupa moja ilipowashwa ikalia pwaa, Jillo akaruka nyuma. Namshukuru binti yule kila ninapomkumbuka, maana alikuwa na haki ya kunifokea mbele ya wote akachagua kunishukuru. Nimeapa: cha mtu nikikabidhiwa, nitafanya nilivyoambiwa, na nikiona najua zaidi, nitauliza kwanza.