Kilima cha Dakika ya Tisini

Duka la shangazi yangu limefungwa, na mtaa mzima umepungukiwa sauti. Cherehani yake ilikuwa ikikohoa tangu asubuhi, naye akiisemesha kama mume mvivu: "Twende, baba, twende." Sasa upepo unasukuma vipande vya nyuzi pale mlangoni, na hakuna wa kuugombeza.

Alishika sindano miaka arobaini, lakini aliogopa kuchomwa kuliko mtoto. Ndiyo maana tulicheka aliposema amejitolea kwenye utafiti wa sukari. Chuoni palikuwa na kijana mwanahesabu aliyetunga mlinganyo wa kukisia jinsi mwili unavyoitikia insulini. Mlinganyo ukifanya kazi, anapata shahada yake. Kila Jumatano shangazi alifika na njaa, akanywa glasi ya maji ya sukari, kisha nesi akamtoa damu kila baada ya dakika kumi, kwa saa tatu.

Kwa wengine wote mchoro wa sukari ya damu ulipanda, ukashuka: kilima kimoja. Wa shangazi ulishuka vizuri, halafu dakika ya tisini ukapanda tena. Jumatano tano mfululizo. Kijana akakonda. Miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa ikizama ndani ya mwili wa fundi mmoja wa nguo. Mwishowe akaubandikia mlinganyo kiraka, namba ya ziada kwa ajili ya kilima cha pili, akakiita Kigezo cha Mama, akaenda kukitetea mbele ya profesa wake. Shangazi naye akaalikwa, akavaa gauni jipya.

Profesa alikitazama kile kiraka kwa muda mrefu.

"Hiki kimetoka wapi? Kama huna maelezo, anza upya."

Shangazi aliniambia moyo ulimwenda mbio kama cherehani isiyo na kitambaa. Akasimama.

"Mwanangu, hicho kilima ni mimi."

"Ndiyo, Mama, ni mwili wako."

"Si mwili. Ni peremende."

Ikabidi aeleze: dakika ya tisini ndipo nesi alipohamisha sindano mkono wa pili, na yeye bila kitu kitamu mdomoni angezimia. Peremende alizificha kwenye mfuko wa vifungo.

"Mama! Si tulisema usile chochote?"

"Sikula. Nilimung'unya."

Kijana, jasho likimtiririka, akakifuta kiraka, akauachia mlinganyo wake wa zamani ukisie ni sukari kiasi gani iliyoingia dakika ile. Kompyuta ikawaza.

"Ulimung'unya ngapi, Mama?"

"Mbili."

"Hesabu inasema nne."

Shangazi akatazama dari. Profesa akamtazama shangazi.

"Hesabu yako, mwanangu, ni mmbea," shangazi akasema hatimaye. "Zilikuwa nne."

Profesa, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatia saini.

Shangazi sasa anaishi kwa binti yake, ghorofa ya pili, nyuma ya soko. Anashona asubuhi tu, na mfuko wake wa vifungo hukaguliwa na wajukuu.