Nilipoifukizia Kompyuta Ubani

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi pale Mapinga, mwanangu, nilivyoifukizia kompyuta yangu ubani. Cheka tu, si vibaya.

Nilikuwa nikihariri video za harusi. Jirani yangu Zuhura naye alifanya kazi hiyohiyo, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu mpaka nikakosa usingizi. Watu wa viwanja vipya wote walimkimbilia yeye. Kicheko chake kikivuka ua, nilifunga dirisha.

Siku hiyo kompyuta iliniletea ujumbe wa apdeti, yaani masasisho ya programu, nami nikaukubali bila kusoma. Ilipowaka tena, video ikawa inakatakata, uso wa bibi harusi vipande vipande, kisha yakatokea maandishi: kumbukumbu ya picha haitoshi. Kesho yake ukweni kwa bibi harusi wangekusanyika kuitazama video hiyo. Nikishindwa kuimaliza, hata wateja wangu wachache waliobaki wangehamia kwa Zuhura.

Nikajua ni Zuhura aliyeitia kijicho. Jana yake alipita kwangu akasema, "Shoga, mashine yako nzuri!" Hata mashaallah hakusema. Hasidi hana sababu! Nikatia ubani chetezoni, nikaizungushia kompyuta moshi.

Shangazi yangu akanikuta natoka jasho.

"Kompyuta haina kijicho," akaniambia. "Mwenye kijicho ni wewe. Nenda kamuulize mwenzio."

Nilikwenda, nimeibeba kompyuta yangu. Zuhura hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaizima kompyuta, akaiwasha huku akibonyeza kitufe kimoja, yakafunguka mipangilio ya ndani ya mashine ambayo sikuwahi kuyaona.

"Apdeti imerudisha mipangilio ya kiwandani, shoga. Kumbukumbu iliyotengewa picha imepunguzwa. Hata yangu ilinifanyia hivi, nikalia."

Akaipandisha, akahifadhi. Bibi harusi akarudi mzima, na video ikawahi.

Usidhani wivu uliniisha, mwanangu. Hata leo nikisikia Zuhura kapewa harusi kubwa, moyo hunichoma. Basi nakuusia hivi: soma kabla hujakubali. Na wivu ukikushika, uache ukuume moyo, ila usiuache ukufunge mdomo. Unayemwonea wivu ndiye anayeijua shida yako, maana kazi yenu ni moja. Kuuliza si ujinga.

Mola akufungulie riziki yako, na akujaalie jirani hodari wa kukuchoma moyo kila siku. Amin.