Ushuhuda wa Betri

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ile Jumapili mdogo wangu Wafula alipopanda madhabahuni na sanduku lake la betri. Kanisa letu la mabati liko nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, na kwetu mtu akibarikiwa hutoa ushuhuda. Asiyetoa huonekana hana shukrani.

Wafula alikuwa fundi wa pikipiki za umeme. Betri zilizochoka, ambazo wenzake walizitupa, yeye alizipasua, akachagua seli nzima, akazipanga kwa namna yake ndani ya sanduku la udongo wa kuchoma ili zisipate moto. Sanduku moja liliwasha nyumba nzima. Siku hiyo alilifungua mbele ya waumini, akaeleza kila waya unakwenda wapi. Video ikawekwa mtandaoni.

Aliporudi kuketi nilimnong'oneza, "Si ungeonyesha taa tu?"

"Dada, hii kitu Mungu ndiye alinipatia. Nifiche nini?"

Niliona haya, nikapiga makofi pamoja na wengine.

Akaendelea kuliboresha polepole, mwaka ukapita, na mwingine ukafuata. Ndipo tukaenda Spring Valley kwa wakili mmoja, mama mpole, kutafuta hataza, ile haki ya kumzuia mwingine asitengeneze kitu ulichovumbua. Alitupa chai kwanza.

"Udongo kupoza kitu, hiyo ni ya Mungu, hakuna mtu anaweza kupewa," alisema. "Kutumia betri mzee tena, hiyo ni wazo tu, pia haiwezi. Lakini vile wewe umezipanga, hiyo ingeweza. Shida ni hii."

Akatugeuzia simu yake. Wafula alikuwa pale madhabahuni, anatabasamu.

"Sheria inakupatia mwaka mmoja tangu uonyeshe watu. Imepita. Ushuhuda yako ndiyo ushahidi, tena dhidi yako."

Kampuni moja ilikuwa tayari inauza masanduku kama yale, na haikuwa imevunja sheria yoyote. Hilo ndilo lililomuuma. Wafula akarudi kuziba pancha. Kanisani hakurudi tena, hadi presha ilipomwangusha na sisi tukamrudisha ndani ya jeneza.

Katikati ya ibada ya kumuaga stima ikapotea. Mtu akaleta sanduku la kukodi, spika zikaamka. Nililitambua mara moja, udongo ule ule, jina la kampuni ubavuni. Mchungaji akaniita nitoe ushuhuda wa maisha ya marehemu. Nikashika maikrofoni iliyokuwa ikila umeme wa kazi ya ndugu yangu, nikamrudishia mchungaji. Hata leo nina hasira.

Basi, mwanangu, ukivumbua kitu, mshukuru Mungu chumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa. Jua lipi ni wazo la kila mtu na ipi ni njia yako mwenyewe, uiombee hataza hiyo njia, kisha uje utuonyeshe, nasi tutapiga makofi. Mungu husikia hata anayenong'ona. Aibariki mikono yako, na siku alizomnyima Wafula akuongezee wewe.