Niliondoa IP iliyoitwa Mikayi, network nzima ya zahanati ikalala

Wakuu, habari zenu. Nawasalimu kutoka Kisumu.

Ninayoandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, sikusimuliwa. Nimekaa nayo miezi kadhaa kwa aibu, leo nimeona niyatoe. Watu wa network mtanicheka. Wasio wa network msikimbie, nitaeleza polepole.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke (ndiyo, endeleeni kusoma), mtu wa Voi, huku nimekuja kwa kazi. Natunza kompyuta za zahanati moja ndogo ya binafsi, ukishapita Mamboleo. Jina la zahanati naliacha.

Tuna server moja tu, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote. Ni ya zamani, feni yake inakoroma, na tundu lake la network linalofanya kazi ni moja. Sasa kwenye hilo tundu moja zilikuwa zimewekwa IP tatu.

Kwa asiyejua, IP ni kama namba ya nyumba. Mashine moja unaweza kuipa namba kadhaa, kila huduma ikagongewa kwa namba yake. Ni jambo la kawaida kabisa, wala si uchawi.

Aliyeziweka ni Madam Risper, aliyekuwa na kazi hii kabla yangu. Aliacha ghafla ili akamuuguze mtu nyumbani kwake Otonglo. Sikuwahi kuonana naye, tuliongea kwenye simu mara moja tu. Katika file ya settings alikuwa amezipa zile IP majina: Mikayi, Nyachira, Reru. Mimi Kijaluo sijui. Nikadhani ni majina ya watoto wake.

Kwenye simu aliniambia, "Mama, hizo tatu usiguse kama hujaniuliza."

Nikajibu sawa. Moyoni nikasema huyu mama ni wa zamani. Nilikuwa na vyeti viwili na kiburi cha vyeti kumi.

Basi, siku moja asubuhi duka letu la dawa likaletewa programu mpya inayotaka IP yake. Nikakagua zile tatu. Nyachira ilikuwa na mafaili ya wagonjwa. Reru ilikuwa na video, ile tunayotumia kuongea na daktari bingwa wa vidonda aliye Nairobi. Mikayi haikuwa na chochote. Nilichunguza nusu saa nzima, hakuna hata mtu mmoja anayeigonga.

Nikaandika kwenye daftari langu: haina kazi, iondolewe.

Nikaiondoa saa tatu na dakika arobaini, chai ikiwa mkononi.

Zote tatu zikapotea. Wakuu, sikuamini. Nimegusa moja, zimeondoka zote. Hata mimi mwenyewe nikatupwa nje ya server, maana nilikuwa nimeingilia humo humo.

Mapokezi wakaanza kupiga kelele. Sister Adhiambo, muuguzi mkuu, akachungulia mlangoni kwangu. "Kwani kila kitu imelala?"

"Dakika moja, Sister."

Nikakimbia stoo ilipo server, nikachomeka keyboard. Nikarudisha Nyachira, nikarudisha Reru, nikarudisha na njia ya kutokea nje. Mafaili yakafunguka. Nikapumua. Nikajiambia kumbe mimi ni fundi.

Sister akaja tena, safari hii kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Video inakataa. Na saa nne daktari anaingia."

Niwaeleze uzito wake. Yule bingwa hutupa nusu saa mara moja kwa mwezi, saa nne hadi saa nne na nusu, akimaliza anaingia theatre kupasua. Siku hiyo alikuwa na mgonjwa mmoja tu, mama mwenye sukari na kidonda kwenye mguu. Mahali pengine walikuwa wameshamwambia mguu ukatwe chini ya goti, na siku ilikuwa keshokutwa. Familia iliomba kabla ya kukata, bingwa auangalie kwanza. Walisubiri nafasi hiyo wiki nyingi.

Nikajua kosa ni Mikayi. Nikairudisha haraka. Video ikakataa. Nikazima programu nikaiwasha. Ikakataa. Nikaangalia saa, nne na dakika tano. Hata password nilikuwa nakosea.

Nikaona heri niende nimwambie mgonjwa ukweli kuliko ajue kwa kungoja.

Kwenye benchi walikuwa akina mama wawili. Mmoja mzee, mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani. Mwingine alikuwa na umri wa kama miaka hamsini hivi, ameupakata mguu wa mwenzake kwenye leso, anaupepea kwa kadi ya kliniki. Nilipoanza kuomba msamaha, yule wa pili akainua uso.

"Wewe ni yule msichana wa Voi. Sauti naijua."

Alikuwa Madam Risper.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwambia yote palepale, bila kupamba.

"Ulitoa Mikayi?"

"Nilitoa. Lakini nimerudisha, Madam."

"Umerudisha wa ngapi?"

Sikuelewa swali. "Wa mwisho," nikasema.

Akacheka. Si kicheko cha kunidharau, alicheka kama mtu aliyesikia kitu cha nyumbani. Akamgeukia yule mzee, akamwambia kitu kwa Kijaluo, naye mzee akacheka pia.

Kisha akanyanyua ule mguu kwa mikono miwili. "Kaa hapa. Shika hii mguu hivi, usiache ining'inie, inamuuma. Mimi nakuja."

Akaenda stoo na Sister. Mimi, fundi mwenye vyeti, nikabaki kwenye benchi nimepakata mguu wa mgonjwa. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na ulikuwa na joto.

"Wewe ndio umefukuza mikayi?" mzee akaniuliza. Jina lake mwenyewe ni Pamela, wote humwita Mama Pamela.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Hata sijui mikayi ni nini."

"Mikayi ni bibi ya kwanza kuolewa. Nyumba yake inajengwa kwanza, ndio wengine wafuate. Nyachira ni wa pili. Reru wa tatu." Akajigusa kifua. "Mimi ni mikayi. Risper ni nyachira wangu."

"Na reru?"

"Reru hakuna. Mzee wetu alichoka."

Nikacheka huku machozi yanataka kunitoka.

Akaendelea kuongea polepole, nadhani alitaka kunituliza mimi, yeye ambaye mguu wake ndio uliokuwa unangoja.

"Mimi sikuzaa. Watu wa boma wakaambia mzee, huyu ako hapa ya nini, mrudishe kwao. Risper alikuwa ameolewa juzi tu, msichana mdogo. Akawaambia kama mikayi anaenda, na yeye anafungasha. Wakanyamaza." Akavuta pumzi. "Akienda college kusoma hizi kompyuta, watoto wake wanalala kwangu. Wote wanne. Mpaka leo wananiita Mama, yeye wanamwita Risper."

Wakuu, nilikumbuka nilichoandika kwenye daftari asubuhi ile. Niliona haya, haya ya kweli.

Saa nne na dakika kumi na nane Sister akaita, "Ingieni! Amepatikana!"

Tukambeba, mimi huku, Risper kule. Daktari alikuwa bado yuko kwenye skrini, ameshavaa kofia ya theatre.

Hakupoteza muda. Akaomba kamera isogezwe. Akatazama kidonda, akauliza maswali, kisha akasema, "Sister, weka vidole juu ya mguu, hapo mbele ya kifundo. Mshipa unapiga?"

Sister akafumba macho.

"Unapiga, daktari. Si kwa nguvu, lakini unapiga."

"Basi msikate. Huyo mpasuaji nitampigia mimi mwenyewe. Tunabadilisha dawa, kidonda kisafishwe kila siku, nimwone tena baada ya wiki mbili. Siwezi kuahidi. Lakini bado kuna mguu wa kupigania hapa."

Mama Pamela hakuwa ameshika Kiswahili chote cha yule daktari aliyeongea haraka. Akamtazama Risper. "Nyieka?" Ndivyo wanavyoitana wake wenza.

Risper akainama, akamnong'oneza sikioni maneno machache tu. Halafu akaweka paji la uso wake juu ya goti la mwenzake na akalia kwelikweli, mabega yakitikisika. Mama Pamela akawa anampapasa mgongo. "Mos, nyieka. Mos." Polepole, pole.

Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia nyaya.

Sasa somo, kwa wale wanaongoja somo.

Kwenye Linux, mfumo unaoendesha server yetu, IP ya kwanza ya subnet (mtaa mmoja wa namba) ndiyo primary, yaani mkubwa, zinazofuata ni secondary, wadogo chini yake. Ukiondoa primary, secondary zote zinaondoka nayo. Hiyo sikuijua, au niliisoma nikaisahau.

Pili, server ikitoka kuongea na nje, inatoka kwa ile primary. Nairobi walikuwa wameruhusu Mikayi peke yake kwenye firewall yao, yaani mlango wao wa ulinzi. Ndiyo maana sikuona mtu anaigonga: haipokei wageni, lakini kila anayetoka hutoka kwa jina lake. Nilipoirudisha mwisho, iliingia kama secondary, na Nairobi wakaona sura ya Nyachira wakafunga mlango. Risper aliondoa zote tatu, akaweka Mikayi, kisha Nyachira, kisha Reru. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Tatu, yule aliyekutangulia kazini muulize. Simu ni kitu kidogo.

Mguu bado upo. Kidonda kinafunga kwa mwendo wa konokono, lakini kinafunga, na Mama Pamela sasa anaingia zahanati kwa mkongojo, anagomba na kila mtu.

Limebaki jambo moja. Siku ile kabla hawajaondoka nilimwambia Risper kuna setting inaitwa promote_secondaries. Ukiiwasha, Mikayi ikiondoka, Nyachira inachukua nafasi yake, hakuna kinachoanguka. Nikamuuliza niiweke?

Alimtazama Mama Pamela, aliyekuwa anatafuta kiatu chake chini ya benchi.

"Ni kitu mzuri," akasema. "Utaweka. Lakini si leo."

Nimemuuliza tena mara mbili tangu siku hiyo. Anasema bado.

Najua wataalamu humu mtasema nimeiacha network kwenye hatari, na mna haki. Niambieni kwenye comments ningefanya nini tofauti, nasoma zote. Ila hiyo setting msinisukume. Nangoja Risper aniambie.